Pawa saplai ya 650W kwa elfu 45 au ya 550W kwa laki na 40, niweke ipi na kadi ya grafiksi ya RTX 3060?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka fundi. Mi niko Ujiji hapa Kigoma naediti video za harusi na sendofu. Nina Dell OptiPlex 7010 ile ndefu, i7-3770, ramu GB 16, SSD moja na hadi diski (HDD) mbili, pawa saplai yake imeandikwa 275W. Nimepata RTX 3060 ya GB 12 Dar. Pale Mwanga kuna duka wana pawa saplai ya 650W elfu 45, na wana ya 550W laki na 40. Mbona yenye wati nyingi ndo bei ya chini? Na nikiweka kubwa LUKU si itaisha mapema? Huku umeme unakatika katika sana. Nimekutumia picha za lebo zote mbili."

Marahaba mdogo wangu. Kwanza umefanya jambo la maana kupiga picha lebo kabla hujatoa hela, wengi wananiletea kitu kishaungua ndo tunaanza kusoma kilichoandikwa.

Jibu fupi ni chukua ya 550. Ile ya 650 iache hapo hapo dukani hata wakikuachia kwa elfu 20.

Sasa kwa nini. Pawa saplai haitoi umeme wa aina moja, inapokea 230 ya ukutani inaigawa kwenye laini kadhaa, kuna laini ya volti 12, ya volti 5 na ya volti 3.3. Zamani enzi za Pentium kompyuta ilikuwa inakula sana kwenye hiyo 5 na 3.3, siku hizi mambo yamehama, prosesa na kadi ya grafiksi zote zinakula kwenye 12, hizo nyingine zimebaki na USB, SSD na vidude vidogo vidogo. Kwa hiyo ukishika pawa saplai yoyote acha kwanza ile namba kubwa ya rangi, tafuta kwenye lebo palipoandikwa +12V uone ni ampea ngapi, kisha zidisha mara 12. Hapo ndo utapata wati ambazo kadi yako na prosesa vitagawana.

Tufanye kwa picha zako. Ile ya 650 kwenye +12V wameandika 22A. 12 mara 22 ni 264. Basi. Hizo ndo wati za kazi, kwa maandishi yao wenyewe, mimi sijaongeza neno. Zilizobaki kufikia 650 wamezipata kwa kujumlisha kila laini kwa kiwango chake cha juu kabisa kana kwamba zote zinaweza kutoa hivyo kwa wakati mmoja, na kuna watengenezaji hata hesabu hiyo hawapigi, wanachapa tu namba inayouza. Ya 550 imeandikwa 45A, 12 mara 45 ni 540, karibu wati zake zote ziko kwenye 12, na hivyo ndivyo pawa saplai ya kisasa inavyotakiwa kuwa. Yaani ungenunua ile ya elfu 45 ungekuwa unang'oa 275 ya kweli ya Dell unaweka 264 iliyovaa koti la 650.

Na kama lebo ina +12V1 na +12V2 usikimbilie kuzijumlisha, shuka chini kidogo kwenye mstari unaosema jumla ya 12V haizidi wati kadhaa, huo ndo usome. Lebo isiyo na mstari huo mimi nairudisha kwenye boksi.

Mashine yako itakula kiasi gani? RTX 3060 ni wati 170, prosesa yako i7-3770 ni 77, hadi diski mbili, SSD, ramu, mazabodi na feni tuseme 50, jumla ni kama 300 ikiwa inarenda (inatoa video iliyokamilika) kweli kweli. NVIDIA wenyewe, watengenezaji wa RTX, kwa hiyo kadi wanasema 550, wameacha nafasi kubwa kwa sababu hawajui wewe una prosesa gani wala pawa saplai yako ni ya ukweli au ya lebo. Kwa 550 nzuri utakuwa unatumia nusu na ushee, na ndipo pawa saplai inapofanya kazi kwa raha, haipigi kelele, haichemki.

Ila hiyo 300 ni wastani. Kadi za kisasa, hasa kuanzia mfululizo wa 30, zina tabia ya kuruka, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inavuta zaidi ya wati zake kisha inarudi. Wewe huoni, programu haioni, ila pawa saplai inaona, na ile dhaifu ikiona inajizima au volti inadondoka mashine inajiwasha upya. Tatizo hili lilikuwa kubwa mpaka mwaka 2022 ikatoka kanuni mpya ya pawa saplai, ATX 3.0, ambayo inaitaka pawa saplai ivumilie mruko wa mpaka mara mbili ya wati zake kwa muda mfupi mno. Kwa 3060 huhitaji kutafuta ATX 3.0, ukiipata kwa bei ile ile sawa, usipoipata usihangaike. Ingekuwa RTX 3080 ya wati 320 tungeongea mengine.

Kuhusu bei sasa. Zinyanyue zote mbili kwa mkono, utakuta ile rahisi ni nyepesi, na uzito uliopungua ni vitu vilivyotolewa ndani. Wanatoa kichujio cha umeme unaoingia, wanaweka kapasita (vidude vya kutunza umeme) ndogo, chuma cha kupoza chembamba, na zaidi ya yote wanaacha zile kinga za kuzima ikizidiwa, ikipata shoti au volti ikipanda. Pawa saplai nzuri ikizidiwa inakufa peke yake au inajizima tu ukaiwasha tena kesho, ile mbovu inaondoka na mazabodi, na hadi diski zako mbili zenye harusi za watu ambao hawajalipa bado. Hiyo ndo inaniuma zaidi kuliko kadi, kadi unanunua nyingine, ile siku ya bi harusi hairudiwi. (Na wewe video za wateja zitoe kwenye hiyo mashine leo, weka kwenye hadi diski ya nje, kabla hujafungua hata skrubu moja.)

Kapasita nazo zinazeeka kwa joto, kila nyuzi 10 zikipanda maisha yake yanapungua karibu nusu. Zile nzuri zimeandikwa 105 kwa joto, za bei ya kutupwa 85. Chumba chako cha bati saa nane mchana pale Ujiji unakijua mwenyewe, weka na vumbi letu jekundu kwenye feni, hiyo ya 85 haimalizi msimu wa harusi. Ndo maana pawa saplai ya mtumba siipendi kabisa, ramu ya mtumba sawa, prosesa ya mtumba sawa sana, lakini pawa saplai hujui imelala kwenye joto gani miaka mingapi. Labda iwe ile iliyokuja na mashine ya ofisi kama hiyo Dell yako, hizo zilitengenezwa kwa uaminifu.

Kitu kingine nimekiona kwenye picha yako ya 650, nyuma ina swichi nyekundu ya 115 na 230. Hiyo swichi sisi haitufai kwa lolote, Tanzania ni 230, na kuna mizigo inayokuja ikiwa imeachwa kwenye 115. Ukichomeka hivyo saketi ya ndani inazidisha volti mara mbili, kapasita zinapasuka na mlio wake mtaa mzima utasikia. Pawa saplai za kisasa hazina swichi, zimeandikwa 100-240V, zinajipanga zenyewe, na kwa sisi wa Kigoma hilo lina faida moja kubwa ambayo wauzaji hawaisemi: jioni watu wote wakiwasha, volti zikishuka mpaka 180, hiyo ya 100-240 haijali, inaendelea kama kawaida, wakati ile ya swichi inaanza kuyumba. Wengi wetu tunakumbuka enzi mji wote ulipokuwa unaendeshwa na majenereta ya dizeli kabla ya gridi, taa inafifia inapanda, redio kaseti inaimba kama mlevi. Sasa hivi gridi ipo ila kukatika na kurudi bado kupo, na kinachoua vifaa sanasana ni kule kurudi.

Kwa hilo nunua friji gadi, ile ile ya kuwekea friji, inasubiri dakika kadhaa umeme utulie ndo inapitisha, na volti zikizidi inakata. Ukiwa na hela ya UPS (boksi lenye betri la kushikilia umeme ukikatika) nzuri zaidi, lakini angalia hapa watu wanapigwa: UPS ya 650VA sio wati 650, mara nyingi ni wati 360 mpaka 390. Mashine yako ikirenda itavuta ukutani kama 350, weka na skrini, tayari umefika ukingoni, itapiga alamu na kuzima. Tafuta ya 1000VA kwenda juu, na usitegemee umalizie kurenda, ni dakika chache za kusevu projekti na kuzima kistaarabu.

Halafu kuna jambo linafanya watu walaumu UPS bure. Umeme ukikatika UPS inachukua milisekunde chache kuhamia kwenye betri, na kwa muda huo pawa saplai inaishi kwa umeme uliobaki kwenye kapasita yake kubwa. Nzuri inashikilia milisekunde 16 hivi, inatosha. Ile nyepesi yenye kapasita ya kuhesabia hesabia haishikilii, kompyuta inazima na UPS iko hai inalia, mwenye mashine anarudisha UPS dukani na ugomvi juu.

LUKU. Hapa nisikilize vizuri maana swali hili naulizwa kila wiki. Wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai ni uwezo wake, sio inachokula. Mashine ikihitaji 300 itavuta 300 iwe umefunga ya 550 au ya 850, pamoja na kidogo kinachopotea kama joto. Kinachopotea ndo kinachopimwa na zile alama za 80 Plus, Bronze kwenye nusu ya mzigo inapitisha kama asilimia 85, Gold inafika 90 na zaidi. Tupige hesabu ya kurenda masaa matatu kwa wati 300: kwa asilimia 85 unatumia yuniti moja na kauchafu, 1.06 hivi, kwa asilimia 90 ni yuniti 1. Tofauti ni yuniti 0.06. Kwa hiyo usiongeze laki nzima kufuata Gold eti kwa ajili ya LUKU, ichukue kama unataka kapasita bora na waranti ndefu, Bronze inakutosha. Na alama hiyo inapima upotevu tu, sio kinga wala uimara, ingawa ile isiyo na alama yoyote kwa kadi ya wati 170 mimi sifungi.

Twende kwenye Dell yako. Una bahati, 7010 ndefu ya mwaka 2012 inatumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi na pini 4 za prosesa, pawa saplai ya kawaida ya ATX inaingia. Jirani yako mwenye OptiPlex 9020 asikuige kichwa kichwa, ile ina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe inataka adapta ya 24 kwenda 8, na HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6 zake. Na ukitafuta mtandaoni kuwa makini, Dell wametoa 7010 nyingine mwaka 2023, jina lile lile mashine tofauti kabisa, wewe andika na i7-3770 ndo utapata yako. Plagi ya prosesa kwenye pawa saplai mpya itakuja 4+4, tumia nusu moja, nusu nyingine ifunge pembeni isiguse feni. Chukua ile fupi ya sentimita 14, na kabla hujatuma hela ya kadi pima kwa rula nafasi kuanzia nyuma ya kasha mpaka kwenye chumba cha hadi diski, kadi ya feni mbili ndo salama, ya feni tatu utaishia kukata chuma. Sasisha na BIOS kabisa (programu inayowasha mashine) kisha humo uchague UEFI, kadi mpya kwenye mashine za umri ule bila hivyo wakati mwingine skrini inabaki nyeusi halafu mtu anasema kauziwa kadi mbovu.

Sasa adapta. 3060 nyingi zina tundu la pini 8, pawa saplai ya Dell haina waya huo, na najua kuna mtu atakuambia chukua adapta ya kutoka SATA (plagi ya umeme ya hadi diski) elfu tano tu mchezo umeisha. Usithubutu. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imetengenezwa kubeba ampea 4.5, yaani wati 54, tundu la pini 8 linaweza kuombwa 150. Inachofanya ile plastiki ni kuyeyuka, taratibu, ukiwa umelala mashine inarenda. Kadi inywe kwenye waya wake wa pini 8 unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Na kama ile utakayochukua ni ya waya za kuchomoa, usije ukachanganya waya zake na za pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia, upande wa mashine zinafanana, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga inavyotaka, nimeona SSD imekufa kwa sekunde moja kwa ajili hiyo.

Kama hesabu haikai, maana kadi pamoja na pawa saplai pamoja na friji gadi ni hela, kuna njia ya pili na wala sio ya aibu. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa mpaka wati 75 bila waya wowote, RTX 3050 ya GB 6 inakula 70 tu, ukiiweka na ile 275 ya Dell jumla inacheza kwenye 200 na inakaa vizuri. Ni ndogo kuliko 3060, ndio, ila kwa video za HD za harusi na klipu za simu inafanya kazi na hubadilishi pawa saplai. Hakikisha ni ya GB 6 isiyo na tundu la waya, ile ya GB 8 ni wati 130 hiyo ni habari nyingine. RX 580 za bei poa usishawishike, wati 185, nyingi zimetoka kuchimba Ethereum na sarafu nyingine za mtandaoni usiku na mchana, na kwa programu ya kuediti kama Premiere unataka NVIDIA.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na pawa saplai mwezi huu na kadi mwezi ujao. Watu wanafanya kinyume, kadi inafika na basi kutoka Dar inakaa mezani inametameta, uvumilivu unaisha, wanaichomeka na chochote kilichopo.

Ukifunga, kitu kimoja kabla ya kuwasha, ile soketi yako iwe na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kweli. Ukigusa kasha ukasikia kama sisimizi wanakung'ata sio kwamba pawa saplai ni mbovu, kichujio chake kinamwaga umeme kidogo kwenye chuma na hakuna pa kwenda kwa sababu ethi haipo, au umetumia adapta ya pini mbili. Mwite fundi umeme achimbie ethi, usizoee.

Kisha jaribu kwa kazi halisi, renda harusi ya saa nzima huku umefungua programu ya GPU-Z, angalia volti ya 12 kwenye kadi ikiwa imebanwa, isishuke chini ya 11.4. Mashine ikijizima au kujiwasha ghafla katikati bila skrini ya bluu, na Windows ikirekodi Kernel-Power 41, mtuhumiwa wa kwanza ni pawa saplai au umeme wa ukutani. Ikija skrini ya bluu na namba yake ya kosa mara nyingi ni ramu au draiva. Na kuna ujanja wa bure, kwa programu ya MSI Afterburner shusha nguvu ya kadi mpaka asilimia 80, itakula kama wati 136 badala ya 170, kurenda kutachelewa kidogo sana hutaona, joto litashuka na feni itanyamaza.

Kabla hujalipa ile 550 fungua boksi mbele ya muuzaji, uone waya wa pini 8 umeandikwa PCIe (wa kadi) na sio CPU (wa prosesa) maana zinafanana watu wanachanganya, risiti iandikwe namba ya utambulisho ya kifaa (serial namba), na waranti iwe ya duka la hapo Mwanga, ya Dar utailipia nauli ya basi kwenda na kurudi. Wakikuonyesha aina nyingine tofauti na ya kwenye picha nitumie lebo yake kwanza.